Alama za Historia za Ujiji na Kigoma

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, lililopigwa chapa kwa ajili ya wasomaji

Maneno haya yalisomwa katika redio, na sasa yamepigwa chapa ili uyasome mwenyewe kwa nafasi yako, nyumbani au darasani pamoja na wenzako. Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena.

Leo tutazungumza juu ya alama za historia. Alama ya historia ni kitu kilichowekwa mahali fulani ili watu wasisahau jambo lililotendeka hapo. Yaweza kuwa jiwe lililochongwa maandishi, au kibao cha shaba, au mnara, au hata mti. Katika miji yetu alama za namna hii zipo, lakini watu wengi huzipita kila siku wakienda sokoni au ziwani, wasijue zasema nini. Hatuwezi kuwalaumu. Kwa mtu asiyejua kusoma, jiwe lenye maandishi na jiwe la kusagia ni mamoja. Lakini wewe sasa umejifunza kusoma. Basi nataka tujifunze kusoma jiwe kama vile tunavyosoma barua.

Barua ikifika nyumbani kwako huulizi tu, “Inasema nini?” Wauliza pia, “Imetoka kwa nani? Imeandikwa lini?” Tena, ukiisha kuisoma yote, huenda ukauliza, “Mbona shangazi hakutajwa? Au ni mgonjwa?” Maana aliyeandika barua ameandika aliyotaka wewe ujue, na mengine ameyaacha. Alama ya historia ni vivyo hivyo. Yuko mtu aliyeiweka, alikuwa na nia yake, na yako mambo ambayo hakuyaandika.

Tutachukua mfano wa mji mmoja wa bandari, nao ni Ujiji pamoja na jirani yake Kigoma, katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Siku hizi miji hii miwili ni manispaa moja. Ziwa lenyewe ni refu sana, lapata kilomita 670 toka kaskazini hata kusini, na nchi nne hunywa maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia.

UJIJI KABLA YA MAWE

Kwanza tujue mji ulivyokuwa kabla mtu yeyote hajaweka jiwe la kumbukumbu. Jina Ujiji maana yake ni nchi ya Wajiji, nao ni jamaa za Waha. Hao walikuwa na soko lao karibu na maji. Watu wa ng’ambo ya ziwa walivuka kwa mitumbwi wakileta bidhaa zao. Wavuvi walileta dagaa wakavu na samaki wengine. Wakulima walileta nafaka na mafuta ya mawese. Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi Uvinza tangu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita.

Tena soko hili lilikuwa na fedha yake. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Ujiji walinunua na kuuza kwa shanga ziitwazo sofi, nazo zilifanana na vipande vidogo vya shina la kiko. Shanga hizo zilitungwa katika uzi, na mwenye kuja na kitambaa alikwenda kwanza kukibadili apate sofi, ndipo aingie sokoni kununua samaki au mboga.

Baadaye walifika wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ujiji ukawa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Tabora. Kutoka Ujiji wengine walivuka ziwa wakaingia Kongo mpaka Manyema. Basi ukiambiwa kwamba Ujiji “uligunduliwa” na wageni, kumbuka soko hili. Wageni walifika Ujiji kwa sababu njia ya kwenda Ujiji ilikuwapo, na watu wa kuwaongoza walikuwa wakiijua.

JIWE LA UJIJI

Sasa twende kwenye jiwe lenyewe. Katika mji wa Ujiji, kwenye kiwanja chenye miembe, limesimamishwa jiwe kubwa la ukumbusho. Limechongwa ramani ya Afrika na alama ya msalaba juu yake. Maandishi yake ni ya Kiingereza. Yanasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapo, Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba, 1871. Katika kiwanja hichohicho pana kumbukumbu nyingine, ya Burton na Speke, Waingereza waliofika ziwani mwaka 1858.

Je, mambo haya ni kweli? Ndiyo, ni kweli. Daktari David Livingstone alikuwa mmisionari na msafiri kutoka Scotland. Mwaka 1871 alikuwa ng’ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema. Tarehe 15 Julai, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kununua na kuuza, na wengi wengine wakafa maji walipokuwa wakikimbia. Karatasi zake zilikuwa zimekwisha, na wino umekwisha. Basi aliandika habari hizo juu ya gazeti la zamani, kwa maji ya matunda ya porini. Habari hizo zilipofika Uingereza zilisaidia kuamsha watu dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Baada ya msiba ule Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa. Huko alikuta mali aliyoletewa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Ndipo alipofika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti moja la Marekani, aliyetumwa kumtafuta. Aliingia mjini na msafara wake, bendera mbele, bunduki zikilia. Stanley alimletea dawa, chakula, nguo na barua.

Lakini tusome tarehe tena. Jiwe lasema 10 Novemba. Hiyo ndiyo tarehe aliyoitoa Stanley katika kitabu chake. Daftari ya Livingstone yaonyesha siku za mwisho wa mwezi wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa safarini, wakapotewa na hesabu ya siku. Tena, katika daftari ya Stanley mwenyewe, ukurasa wa siku ile ya kukutana umechanwa. Kwa hiyo wataalamu wa leo hawaichukui tarehe ya jiwe kuwa ya hakika.

Nakueleza haya kwa sababu moja. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani mara nyingi huheshimu sana maandishi, na zaidi yakiwa yamechongwa katika jiwe. Ni vizuri kuyaheshimu. Hata hivyo mkono uliochonga jiwe ni mkono wa mtu, naye alipata habari zake kwa mtu mwingine. Maandishi yaweza kukosea. Yakilinganishwa na maandishi mengine ndipo twapata kujua.

WATU AMBAO JIWE HALIKUWATAJA

Sasa tuulize lile swali la nne, la shangazi ambaye hakutajwa. Alama hizi mbili zataja majina manne: Burton, Speke, Stanley na Livingstone. Wote ni Wazungu. Je, walikuwa peke yao?

Yuko mtu mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na kuuzwa, akapelekwa ng’ambo ya bahari mpaka India. Bwana wake alipokufa, Bombay alipata uhuru, akarudi Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimwajiri. Speke hakujua Kiswahili. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akasema na watu wengine kwa niaba yake.

Walipolikaribia ziwa mwezi wa Februari 1858, Burton alikuwa mgonjwa, miguu yake haina nguvu, na Speke alikuwa na maradhi ya macho hata karibu kuwa kipofu. Burton aliona kitu kinang’aa chini ya mlima, akamwuliza Bombay ni kitu gani. Bombay akamjibu kwamba anadhani ndiyo maji yenyewe. Habari hii tumeipata katika maandishi ya Burton mwenyewe.

Na huo si mwisho wa habari za Bombay. Miaka 13 baadaye, Stanley alipoingia Ujiji, Bombay alikuwa mmoja wa wakubwa wa msafara wake. Kisha akafuatana na Mwingereza mwingine, Cameron, wakaikata Afrika yote toka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi, wakamaliza mwaka 1875. Mwaka 1876 chama cha wataalamu wa jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Basi ona: Bombay alifika Ujiji mwaka 1858, na akafika tena mwaka 1871. Alikuwapo katika habari zote mbili zinazokumbukwa katika kiwanja kile, na jina lake halimo.

Wapo na wengine. Mtu aliyetoka mbio kumlaki Stanley nje ya mji, akamsalimu kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Mwenzake alikuwa Chuma, Myao, aliyeokolewa utotoni kutoka katika mikono ya wauza watumwa. Hao wawili walikaa na Livingstone hata alipokufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi wa Mei 1873. Waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili waliukausha, wakaufunga, wakauchukua pamoja na wenzao mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Pamoja na mwili walichukua madaftari yake yote. Kama wangeyatupa njiani kwa ajili ya uzito, tusingejua mengi tunayoyajua leo.

Tena wapo wapagazi. Msafara ulikuwa na watu mamia, na kila mpagazi alichukua mzigo kama wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa mshahara na posho. Watu wengine hudhani kwamba kila aliyechukua mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Upagazi ulikuwa kazi ya heshima, na Wanyamwezi walijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi saba kutoka pwani mpaka Ujiji. Kila hatua yao, mtu mwingine alikuwa amewabebea chakula na hema.

NA WALE WALIOFUNGWA MINYORORO

Lakini watumwa nao walikuwapo, wengi. Walikamatwa ng’ambo, Manyema na nchi nyingine za Kongo, na katika nchi za huku pia. Walivushwa ziwa kwa mitumbwi na mashua, wakafika Ujiji. Wengine waliuzwa palepale wakalima mashamba na kufanya kazi za nyumbani, na wengine walipelekwa Tabora na pwani. Njia yao ni ileile ya misafara. Leo njia hiyo, pamoja na Ujiji, Kwihara karibu na Tabora, Mpwapwa na Bagamoyo, imeandikwa na Tanzania katika orodha ya mahali ambapo nchi ingependa pawekwe katika urithi wa dunia.

Majina yao tutayapata wapi? Hakuna jiwe litakaloweza kuyataja yote, maana waliowakamata hawakuyaandika. Lakini wengine walizaa, na watoto wao wakazaa, na wajukuu wapo. Tena si kila aliyetoka Manyema akaja Ujiji alikuja kwa mnyororo. Wapo waliokuja huru, kama wafanyabiashara, mafundi au askari wa misafara. Mambo haya yamechanganyika katika koo za mji, na wazee wengi hawapendi kuyasema kwa sababu ya aibu.

Ndugu msomaji, hapa nataka kusema wazi. Kuwa na babu aliyetekwa si aibu. Aliyetekwa hakufanya kosa. Kama pana aibu, ni ya aliyemwinda, aliyemnunua na aliyepata faida, naye aweza kuwa Mwarabu, Mswahili, Mwafrika wa bara au Mzungu aliyenunua pembe pasipo kuuliza zimekujaje. Biashara ya utumwa ilipigwa marufuku hatua kwa hatua, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Muda si mrefu kama tunavyofikiri. Wapo wazee wa leo ambao babu zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

KWA NINI BANDARI ILIHAMIA KIGOMA

Mtu akifika kwenye jiwe la Ujiji hushangaa kuona maji yako mbali. Yeye alidhani Livingstone alikaa ufukoni. Zamani ziwa lilikuwa karibu zaidi, maana maji yake yalikuwa yamejaa juu sana. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, nao mto huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo mwaka 1878 maji yalilivunja lile boma la matope, yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Ufuko wa Ujiji ukasogea, na maji yake yakawa haba kwa vyombo vikubwa.

Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896. Lakini walipotaka kujenga reli na bandari ya meli kubwa, waliona ghuba ya Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, ina kina na imekingwa na upepo. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914, urefu wa kilomita 1,250 hivi. Safari iliyomchukua mpagazi miezi, garimoshi liliimaliza kwa siku chache. Jengo la stesheni ya Kigoma ni alama ya historia ya siku hizo, ingawa watu huliona kama mahali pa kukatia tikiti tu.

Mjenzi mkuu wa reli hiyo ilikuwa kampuni ya Kijerumani. Waliochimba udongo, kupasua mawe na kulaza mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu. Upagazi wa masafa marefu ukafa, na Mnyamwezi aliyekuwa akichukua mzigo akawa kibarua wa reli.

MELI AMBAYO NI ALAMA

Alama nyingine ya Kigoma haikusimamishwa ardhini. Ni meli iitwayo Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Götzen. Kisha ilifunguliwa vipande vipande, vikatiwa katika makasha 5,000, vikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Hapo ikaungwa upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari, 1915, wakati vita kuu ya kwanza imekwisha kuanza. Urefu wake ni mita 71 hivi.

Wajerumani watatu walitumwa kuiunga, na majina yao yamehifadhiwa: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliofanya kazi pamoja nao walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika. Hao husimuliwa kwa idadi tu, bila majina.

Mwezi wa Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wakikaribia Kigoma. Wajerumani hawakutaka meli iangukie mikononi mwa adui, wala hawakutaka iharibike. Wakaipaka mashine zake grisi nyingi, wakaizamisha tarehe 26 Julai karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena katika tufani mwaka 1920. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaona mashine zake bado nzima kwa sababu ya ile grisi. Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina jipya, Liemba. Jina hilo ni la wenyeji wa kusini ya ziwa. Ndivyo walivyoliita ziwa Livingstone alipofika kwao mwaka 1867.

Kwa miaka mingi meli hii ilichukua abiria, dagaa, mahindi na mananasi baina ya Kigoma na Mpulungu katika Zambia. Mwaka 2015, machafuko yalipotokea Burundi, maelfu ya wakimbizi walikusanyika Kagunga, kijiji cha pwani ya ziwa mpakani. Liemba iliwachukua ikawaleta Kigoma, wakapumzika katika kiwanja cha mpira, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Walioona mambo hayo wapo hai: mabaharia, wavuvi wa Kagunga, akina mama waliopika uji, na wakimbizi wenyewe. Hiyo pia ni historia ya bandari.

MTI WA JACOB WAINWRIGHT

Kabla ya kumaliza, turudi kidogo kijijini kwa Chitambo, mwaka 1873. Nilisema kwamba moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti. Miongoni mwa watu wa msafara alikuwapo kijana aliyeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akapelekwa shule ya Nasik huko India, na huko alijifunza kusoma na kuandika. Ndiye aliyesoma sala za maziko. Kisha akachukua kisu akachonga maandishi katika gome la mti ule. Aliandika jina la Livingstone na tarehe. Chini yake akaandika majina matatu ya wenzake Waafrika.

Tafakari jambo hili. Walioweka jiwe la Ujiji walikuwa na fedha, mafundi na nafasi, wakataja Wazungu wawili. Kijana mmoja aliyekuwa mtumwa, katikati ya msiba, mbali na kwao, alikuwa na kisu na mti tu, naye akakumbuka kuwataja wenzake. Mti ule baadaye ulikufa, lakini kipande chenye maandishi kilikatwa kikapelekwa London, na kimehifadhiwa huko. Jacob aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alijua kuandika, kazi hiyohiyo unayojifunza wewe sasa.

KAZI YAKO

Sitaki tulivunje jiwe la Ujiji. Lisemalo ni kweli kwa sehemu, na wageni hulitembelea. Nataka tuliongezee. Kama hatuna fedha za kuchonga jiwe, tunayo madaftari. Fanya hivi:

Kwanza, mwendee mzee mmoja wa mtaa wako, umwamkie kama ipasavyo, umwombe akusimulie habari za mji. Chagua wakati asiokuwa na kazi, wala usimharakishe.

Pili, andika juu ya ukurasa jina lake, mahali na tarehe ya siku ile. Habari isiyo na tarehe wala mwenyewe ni kama barua isiyo na sahihi.

Tatu, andika kama alivyosema, kwa maneno yake.

Nne, umwulize, “Jambo hili uliliona mwenyewe, Mzee, au ulilisikia kwa wengine?” Andika jibu lake.

Tano, umwulize majina. Nani alichukua mizigo? Nani alichimba? Nani alivua? Nani alivusha watu kwa mtumbwi? Jina moja tu laweza kuwa la thamani kubwa.

Sita, kama asingependa jambo fulani liandikwe, liache. Habari za ukoo ni mali yake, na heshima yake ni kubwa kuliko daftari yako.

Mwisho, umsomee uliyoandika. Huenda akasahihisha, huenda akaongeza. Kisha litunze daftari mahali pakavu, mbali na mchwa na mvua.

Wazee wanaondoka mmoja mmoja. Kila anayezikwa bila kuandikwa huenda na majina ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Basi usingoje mpaka uandike vizuri kama mwalimu. Andika kwa hati uliyo nayo leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Alama ya historia ni kitu gani? Taja moja iliyopo karibu na kwenu.
2. Kwa nini tarehe ya jiwe la Ujiji haichukuliwi kuwa ya hakika?
3. Bombay alifika Ujiji mara ngapi katika somo hili, na pamoja na nani?
4. Kwa nini bandari kubwa ilijengwa Kigoma, si Ujiji?
5. Kama darasa lenu lingepewa jiwe moja na nafasi ya majina kumi, mngeandika majina ya nani? Kila mmoja aeleze sababu zake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mpagazi: mtu achukuaye mizigo kwa mshahara.
Msafara: kundi la watu wasafirio pamoja.
Frasila: kipimo cha uzito cha zamani, kilo 16 hivi.
Taruma: gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli.
Ghuba: sehemu ya maji iliyoingia katika nchi kavu.